Tusiwafungie wanafunzi nje ya utafiti

KILA mwaka, miezi michache kabla ya mahafali, maelfu ya wanafunzi katika vyuo vikuu vyetu hushughulika na kazi moja ambayo bila kuikamilisha wengi wao hawawezi kufuzu. Kazi hiyo huitwa mradi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi hujitafutia mada, hupewa mhadhiri wa kumwelekeza, huandika pendekezo, hukusanya habari kwa majuma machache, kisha huandika ripoti na kuipeleka ikajalidiwe. Ripoti husomwa na watu wawili au watatu, hutiwa alama, halafu huwekwa katika rafu ya idara. Hapo ndipo hukaa hadi vumbi liifunike, na hatimaye huondolewa ili kuzipisha za mwaka unaofuata.

Hatusemi kwamba kazi hiyo haina faida yoyote. Humfunza mwanafunzi kupanga mawazo yake, kusoma maandishi ya waliomtangulia na kuyatetea maoni yake mbele ya wanaomzidi elimu. Lakini utafiti wa kweli ni kitu kikubwa zaidi ya hapo. Mkulima anayepanda mche kila msimu na kuung'oa kabla haujachanua hana haki ya kulalamika kwamba shamba lake halizai. Nasi tunapanda miche kwa maelfu kila mwaka na kuing'oa, kisha tunashangaa kwa nini vyuo vyetu havitatui matatizo ya nchi.

Maoni yetu ni kwamba umefika wakati wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza, tangu mwaka wao wa pili, katika vikosi vya utafiti vinavyodumu kwa miaka mingi na vinavyowaleta pamoja watu wa taaluma mbalimbali. Katika kikosi cha aina hiyo, mwanafunzi haanzi na ukurasa mtupu. Huipokea kazi mikononi mwa waliomtangulia, huisogeza mbele kwa kadiri ya uwezo wake, na anapofuzu humkabidhi mwenzake anayemfuata. Wanafunzi hupita, swali hubaki mpaka lipate jawabu.

Ili jambo hili lisionekane kuwa nadharia tupu, tutatoa mfano mmoja ambao taifa hili liliulipia kwa roho za watu.

Mwaka wa 1981, katika eneo la Machakos, watu 20 waliugua ugonjwa wa ghafla wa ini. Kumi na wawili miongoni mwao walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu uitwao Aspergillus flavus. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kuyapika mahindi hakuiondoi. Habari za mkasa huo zilichapishwa mwaka wa 1982 katika jarida mashuhuri la udaktari, Lancet, la Uingereza. Madaktari wa ulimwengu wakazisoma. Mkulima wa Makueni, ambaye habari hizo zilimhusu kuliko mtu mwingine yeyote, hakuwa na njia ya kuzisoma.

Ikapita miaka 23. Mwaka wa 2004, kuanzia Januari, sumu ile ile ikazuka katika zao lile lile na katika eneo lile lile la Ukambani. Safari hii waliougua walikuwa watu 317, na 125 walifariki, wengi wao kutoka Makueni na Kitui. Wachunguzi walipopima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa masokoni, walikuta kwamba zaidi ya nusu ya sampuli zao zilipita kiwango cha juu kilichoruhusiwa wakati huo, yaani sehemu 20 za sumu kwa kila sehemu bilioni moja za chakula. Sampuli nyingine zilipita hata sehemu 1,000. Ugonjwa huo ukarudi tena katika miaka ya 2005 na 2006.

Mtoto aliyezaliwa Machakos mwaka wa mkasa wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 23 ulipotokea mkasa wa pili, umri wa kijana anayefuzu chuo kikuu. Katika muda huo wote vyuo vyetu vilitoa mahafali wa kilimo, kemia, udaktari, uhandisi, uchumi na lugha. Bila shaka wapo miongoni mwao walioandika miradi ya mwaka wa mwisho kuhusu mahindi, wengine kuhusu ukungu, wengine kuhusu maghala. Lakini kila mmoja aliandika peke yake, akatiwa alama peke yake, na akaondoka na alichokijua. Hapakuwa na uzi wa kuziunga kazi hizo hata zikawa kitambaa kimoja.

Tusieleweke vibaya. Hatudai kwamba kikosi cha wanafunzi kingeyaokoa maisha yote 125. Watu walivuna mapema kwa sababu ya njaa na hofu ya wezi, mvua isiyotarajiwa iliyalowesha mahindi, na wengi waliyaweka mahindi hayo mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani. Njaa haiondolewi na darasa. Tunachosema ni kwamba nchi iliyokwisha kuonywa mwaka wa 1981 ilihitaji watu wa kuyapima mahindi ya eneo hilo kila msimu wa mavuno, mwaka baada ya mwaka, wa shibe na wa njaa, ili hatari ijulikane kabla ya maziko. Kazi kama hiyo haihitaji profesa kila siku. Inahitaji vijana wengi wenye uangalifu, wanaoongozwa vizuri, na ambao hawakomi kuja.

Tena tazama jinsi swali hili moja lilivyo na milango mingi. Mwanafunzi wa kemia ndiye ajuaye kuipima sumu. Wa kilimo ndiye ajuaye ukungu unavyoingia katika suke shambani na jinsi ukame unavyoidhoofisha mimea. Wa uhandisi ndiye awezaye kubuni kikaushio ambacho mkulima anaweza kukimudu. Wa udaktari na afya ya jamii huangalia maini ya watu na chakula cha watoto. Wa uchumi huuliza kwa nini mkulima huyauza mahindi yakiwa bado mabichi, na ni nani afaidikaye. Wa sheria huuliza ni nani awezaye kushtakiwa mahindi mabovu yanapouzwa sokoni. Na wa isimu huuliza swali ambalo wengine hulisahau: je, onyo linalotolewa redioni linasemwa kwa Kikamba na Kiswahili ambacho bibi mwenye ghala anakielewa, au linasemwa kwa maneno ya maabara?

Hata upishi una nafasi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba kuyakoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi, chakula cha tangu jadi cha Wakamba, hupunguza kiasi cha sumukuvu, ingawa hakuimalizi. Ni nani angelifikiria jambo hilo upesi kuliko mwanafunzi aliyelelewa kwa muthokoi, akiwa ameketi meza moja na mwanafunzi wa kemia? Katika mpango wa sasa wawili hao huenda wakaishi katika bweni moja kwa miaka minne bila kuambiana wanasomea nini. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa katika eneo lenyewe vipo vyuo vikuu viwili vya umma: Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya katika kaunti ya Kitui, kilichopata hati yake mwaka wa 2013, na Chuo Kikuu cha Machakos, kilichopata yake mwaka wa 2016. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani nacho kiko hapo Machakos. Wanafunzi wengi wa eneo hilo ni watoto wa wakulima wenyewe, na wanaporudi nyumbani wakati wa likizo huyakuta mahindi yakiwa uani. Kama kuna mahali panapofaa kuanzisha kikosi cha utafiti wa miaka 20, ni hapo.

Huenda msomaji akasema kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana ujuzi wa kuaminiwa na utafiti mzito. Historia ya Afrika Mashariki yenyewe inamjibu.

Vita vya Maji Maji vilianza mwaka wa 1905 kusini mwa Tanganyika na kuendelea hadi mwaka wa 1907. Kwa miongo sita, aliyetaka kuvisoma vita hivyo alitegemea zaidi maandishi ya Wajerumani waliovizima. Waliopigana upande wa pili walikuwa wamezeeka, na kila msimu kaburi lilichukua shahidi mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa 1968, idara ya historia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa ndugu wa Nairobi na Makerere chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliamua kutongoja. Wahadhiri wake, akiwemo John Iliffe, pamoja na mtafiti Gilbert Gwassa, waliongoza mradi ambamo wanafunzi wa shahada ya kwanza walikwenda katika maeneo yaliyopigana, wakawahoji wazee na kuyaandika masimulizi yao.

Vijana hao hawakuwa maprofesa. Lakini walizijua lugha za wazee hao, walijua namna ya kumsalimu mzee kabla ya kumuuliza swali, na walikuwa wengi kiasi cha kufika vijiji ambavyo mtafiti mmoja asingevimaliza. Maandishi yao yalikusanywa pamoja, na Iliffe aliyatumia baadaye katika kitabu chake kikubwa cha historia ya Tanganyika kilichotoka mwaka wa 1979. Hadi leo, yeyote anayetaka kuandika juu ya Maji Maji hana budi kuyapitia. Kama idara ile ingengoja wanafunzi wake wapate kwanza uzamifu, wangerudi vijijini na vinasa sauti vyao wakakuta makaburi.

Ni kweli kwamba kazi ile imekosolewa. Wanahistoria wa baadaye, kama vile Thaddeus Sunseri, wameuliza kama mradi ule haukuegemea mno fahari ya taifa jipya, ukayaona mapambano ya vijiji mbalimbali kuwa vita vimoja vya kitaifa. Hiyo ni hoja nzito. Lakini yafaa tutambue kwamba wakosoaji wenyewe wanaweza kubishana juu ya masimulizi yale kwa sababu yaliandikwa na kuhifadhiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ya mwanafunzi iliyohifadhiwa, hata ikiwa na kasoro, humpa anayekuja baadaye mahali pa kusimama. Ile iliyotupwa haiwezi hata kusahihishwa.

Hata hivyo mradi wa Dar es Salaam ulikuwa na upungufu ambao hatupaswi kuuficha. Ulikuwa wa taaluma moja, na haukuwekewa utaratibu wa kupokezana kazi mwaka hadi mwaka. Ulithibitisha kwamba wanafunzi wanaweza. Haukutuonyesha namna ya kuwafanya waendelee kuweza baada ya wale wa kwanza kufuzu.

Upungufu huo wengine wameushughulikia. Huko Marekani, chuo cha MIT kilianzisha mwaka wa 1969, chini ya Margaret MacVicar, mpango wa kuwaruhusu wanafunzi wa shahada ya kwanza kufanya utafiti pamoja na wahadhiri. Mwaka wa 1995, katika Chuo Kikuu cha Purdue, wahandisi Edward Coyle na Leah Jamieson walianzisha vikosi vya wanafunzi vilivyoyahudumia mashirika ya jamii kwa miaka kadhaa mfululizo. Baadaye Coyle aliuendeleza mtindo huo, akauhamishia katika chuo cha Georgia Tech mjini Atlanta, na safari hii akaufunga katika utafiti wa wahadhiri wenyewe. Tangu hapo umeenea katika vyuo vingi vya nchi mbalimbali.

Msingi wa mtindo huo ni rahisi. Mhadhiri mwenye swali kubwa hutangaza kikosi. Wanafunzi wa idara mbalimbali, kuanzia wa mwaka wa pili hadi wa uzamifu, huomba kuingia. Kila muhula kazi hiyo huhesabiwa kama sehemu ndogo ya masomo yao na hutiwa alama, na mwanafunzi anaweza kubaki kikosini kwa miaka miwili au mitatu. Wa mwaka wa nne humfundisha wa mwaka wa pili, kama fundi mwashi anavyomfundisha kibarua wake. Katika kutia alama huangaliwa mambo matatu: kumbukumbu alizoandika mwanafunzi, kazi aliyoifanya yeye mwenyewe, na jinsi alivyoshirikiana na wenzake. Tunapenda hasa lile la kwanza. Mwanafunzi asiyeandika alichokifanya kwa namna ambayo mwenzake ataielewa, hata awe hodari kiasi gani, hajamaliza kazi yake.

Hatupendekezi kuuchukua mtindo wa Atlanta kama ulivyo na kuuvika shati la Kenya. Vyuo vyetu vina shida zake, na mwenye kupendekeza jambo lazima azikabili.

Ya kwanza ni fedha. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema kwamba itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Ahadi hiyo imebaki karatasini. Tunaiomba serikali iitimize. Lakini kikosi cha wanafunzi ni miongoni mwa njia za utafiti zisizogharimu mno. Nauli ya matatu, vipima unyevu vichache, madaftari na gharama za maabara si mzigo wa kumshinda mtu aliye na nia. Badala ya kila mwanafunzi kugharamia mradi wake mdogo peke yake, kupiga chapa na kujalidi, gharama hizo zingeweza kuelekezwa katika kazi moja yenye maana.

Ya pili ni wahadhiri. Mhadhiri wa chuo cha umma hufundisha madarasa yaliyofurika, husahihisha karatasi kwa mamia, na mara nyingi hulazimika kupigania mshahara wake, kama tulivyoshuhudia katika mgomo mrefu wa Septemba hadi Novemba mwaka wa 2025. Kumwongezea kazi bila kumpunguzia nyingine ni dhuluma. Hivyo basi, anayeongoza kikosi apunguziwe vipindi, na kazi hiyo ihesabiwe anapoomba kupandishwa cheo, sawa na makala aliyoyachapisha. Aidha, mhadhiri mwenye wanafunzi kumi wanaofanya kazi kumi zisizohusiana huhangaika zaidi kuliko mwenye kumi wanaolifuata swali moja, ambalo ni lake mwenyewe.

Ya tatu ni haki ya mwanafunzi. Kuna hatari, tena kubwa, kwamba vijana watageuzwa vibarua wa bure: wao wakusanye habari juani, na jina litakalochapishwa liwe la mkubwa peke yake. Jambo hilo likiruhusiwa, mpango mzima utaoza kabla ya kuiva. Lazima iandikwe tangu mwanzo kwamba anayechangia atatajwa, kwamba nauli na chakula cha nyanjani hakitoki mfukoni mwa mwanafunzi, na kwamba mwanafunzi ana mahali pa kupeleka malalamiko bila kuhofia alama zake. Vilevile wanakijiji wanaotembelewa waombwe idhini, na warudishiwe matokeo kwa lugha yao. Watu wa Ukambani wamekwisha kuchukuliwa damu na mahindi yao mara nyingi. Wana haki ya kujua kilichoonekana ndani yake.

Ya nne ni mtihani. Wapo watakaouliza mwanafunzi mmoja atatiwaje alama katika kazi ya watu kumi na watano, na kama wavivu hawatajificha nyuma ya wenye bidii. Jawabu ni daftari. Kila mmoja awe na kumbukumbu zake za kila juma, na aulizwe juu yake ana kwa ana. Tukumbuke pia kwamba mfumo wa sasa hauna usafi wa kujivunia. Kila mwalimu wa chuo anajua kwamba zipo kazi za mwaka wa mwisho zinazoandikwa na watu wengine kwa malipo, na tangu mwishoni mwa mwaka wa 2022 zimekuja programu za akili unde zinazoweza kumwandikia mtu ripoti nzima kwa dakika chache. Ripoti ya mtu mmoja inaweza kununuliwa. Si rahisi kununua miaka miwili ya kwenda ghala lile lile, kupima mahindi yale yale na kuulizwa maswali na wenzako kila Ijumaa.

Jambo hili haliwahusu watu wa vyuo vikuu peke yao. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari mwaka huu wa 2026, na wanatarajiwa kubisha hodi katika vyuo vikuu mwaka wa 2029. Tangu darasa la chini wamezoezwa kufanya kazi kwa makundi, kuchunguza, kupanda, kupima na kueleza walichokiona. Walimu wao wamejitolea kuwafunza hivyo licha ya uhaba wa vifaa, na wazazi wamegharamia. Itakuwa hasara ya namna gani vijana hao wakifika chuoni na kukuta ukumbi wa watu mia nne, mhadhiri anayesoma kutoka katika karatasi za zamani, na utafiti uliofungiwa ndani ya ofisi wasizoruhusiwa kuingia?

Tena mpangilio wa mtaala huo unakusudia masomo ya chuo kikuu yachukue miaka mitatu. Mwanafunzi atakayesubiri mwaka wa mwisho ndipo aguse utafiti atakuwa na miezi michache tu. Kwa hiyo kile tunachokiita leo pendekezo kitakuwa lazima kesho. Udongo uwahi ungali maji. Vyuo vina takriban miaka mitatu ya kujitayarisha, nayo si mingi kwa taasisi ambazo hubadilisha silabasi zake kwa mwendo wa kobe.

Tungependa kila chuo kikuu kianze kwa kuchagua maswali mawili au matatu tu, yanayotokana na mahali kilipo, na ambayo hayawezi kumalizwa chini ya miaka kumi. Wa Ukambani washike mahindi na sumukuvu. Wa Njoro na Nakuru washike maziwa ya Bonde la Ufa, ambayo maji yake yalipanda tangu mwaka wa 2010 au karibu na hapo, yakafunika mashamba, shule na nyumba huko Baringo na Naivasha. Wa Kisumu na Maseno washike gugu maji, ambalo limelisumbua Ziwa Victoria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wa Mombasa na Kilifi washike mikoko na wavuvi wake. Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linaloweza kujibiwa na idara moja, wala na mwaka mmoja.

Maktaba za vyuo nazo zipewe wajibu wa kuyahifadhi madaftari ya vikosi hivyo, kwa karatasi na kwa kompyuta, ili mhadhiri akihama au akistaafu kazi isihame naye. Seneti za vyuo zikubali kwamba anayekitumikia kikosi kwa miaka miwili asilazimishwe kuandika mradi mwingine wa peke yake. Na tume inayosimamia elimu ya vyuo vikuu iweke utaratibu ambao hautamwadhibu mwanafunzi kwa sababu amefanya kazi na watu wa kitivo kingine.

Kwenu wanafunzi, tuna neno moja. Msingoje kuitwa. Nendeni mkamuulize mhadhiri wenu anachunguza nini, na mumwambie mko tayari kushika daftari, kupima mvua, kutafsiri hojaji au kufagia maabara, mradi tu mwone kazi inavyofanyika. Mkishaingia, kumbukeni kwamba heshima ya mtafiti haiko katika kukimaliza kila kitu yeye mwenyewe. Iko katika kuiacha kazi ikiwa imesogea, na ikiwa imeandikwa vizuri kiasi kwamba asiyewajua ataiendeleza.

Na kwa wahadhiri na wakuu wa vyuo, tunauliza swali ambalo linastahili jawabu. Mahindi yatavunwa tena Makueni mwaka ujao na mwaka utakaofuata. Mvua itanyesha wakati usiofaa, na mama atayaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba kwa sababu hana pengine pa kuyaweka. Nani atakuwepo kuyapima, na ataisoma wapi habari ya waliopima kabla yake?